Ghala la Spea Limo Kwenye Kopo la Kimbo

Saa ya mama ilisimama Machi, saa nne na dakika kumi, nasi tukadhani ni betri tu. Aliinunua mwaka 1987 kwa pesa za bonasi ya majani chai: saa ya Kijapani, uso mweupe, kidirisha cha tarehe upande wa kulia. Alichoka kukimbizana na lori la kiwanda. Wakulima wa kwetu Nyamache wanajua uchungu wa kufika kituoni na kikapu mgongoni, lori limeshakunja kona.

Fundi wangu hukaa sokoni, kando ya kibanda cha M-Pesa. Akatia betri mpya, kimya. Akagusisha ncha za testa, akatikisa kichwa.

“Mwalimu, betri ya zamani ilivuja ikala koili. Hii mashine yote iko sawa, ni koili tu imekufa.”

“Si uizungushe upya?”

Akacheka. “Hata macho ya mjukuu wako hayataona huo waya.”

Ndani ya saa ya betri mna kipande cha kwatzi kinachotetemeka mara 32,768 kwa sekunde. Saketi huigawa hesabu hiyo kwa mbili, mara kumi na tano, hadi ibaki moja. Hiyo moja hupita kwenye koili, gurudumu likageuka, mshale ukapiga hatua. Koili yenyewe ni waya wa shaba mwembamba kuliko unywele, umezungushwa maelfu ya mara. Saa ya kutia ufunguo ikikosa kipuri, fundi hodari aweza kukichonga. Koili na saketi hazichongwi kwa tupa. Seiko ilipouza saa ya kwanza ya mkono ya kwatzi mjini Tokyo, tarehe 25 Desemba 1969, bei yake ilikuwa yen 450,000. Haikupita miaka ishirini, mchuma chai akaweza kununua ya kwake. Ila kwa urahisi huo, kipuri kilimponyoka fundi kikabaki kiwandani, na kiwanda nacho husonga mbele kikaisahau saa ya mama.

Nilizunguka. Kisii mjini walinionyesha saa mpya. Barabara ya Luthuli, Nairobi, kijana mmoja alinishauri nitoe mashine yote niweke nyingine. Ushauri huo hutamkwa haraka kuliko unavyotendeka: tundu la mshale halilingani, vijiguu vya uso havipati mashimo yake, tarehe inachungulia nusu dirishani. Muuzaji mmoja wa ng'ambo alikuwa na koili, lakini gharama ya kuisafirisha ilizidi bei ya saa tatu za sokoni kwetu.

Nikarudi nilikoanzia. Fundi akavuta kopo la mafuta ya Kimbo kutoka chini ya meza, akamwaga saa mfu juu ya gazeti. Hakutazama sura wala jina. Alitafuta namba ya mashine, maana mashine moja hutiwa kwenye saa za sura nyingi. Akaipata ndani ya saa ya kiume yenye kioo kilichopasuka, iliyoachwa na mtu wa Nyangusu aliyeona gharama ya kioo ni kubwa. Skrubu mbili, koili ikahama. Nililipa shilingi mia tano.

Hoja yangu ni hii: ghala la spea za saa kuukuu tunalo wenyewe, nasi tunalitupa. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inamtwika mtengenezaji wajibu wa bidhaa yake hata inapokuwa taka. Ni jambo jema. Lakini saa ikishaitwa taka, safari yake ni ya kupondwa na kuyeyushwa, na koili nzima hupotea pamoja na kioo kibovu. Kaunti zinapopanga vituo vya kukusanya taka za umeme, fundi awe wa kwanza kufungua pipa, mnunuzi wa chuma chakavu amfuate. Vyuo vya ufundi navyo viwafundishe vijana kusoma namba ya mashine na kupima koili kabla ya kusema “nunua nyingine.”

Nitaambiwa saa mpya ni rahisi, na simu inaonyesha wakati. Kweli. Ila mtu anayechuma chai kwenye umande hatoi simu mfukoni kila mara kwa vidole vilivyolowa. Na tusingoje wakubwa watuokoe: mwaka 2024 Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria ya kuwalazimisha watengenezaji wa bidhaa kama simu na mashine za kufulia kuzikarabati hata baada ya dhamana kwisha. Saa za mkono hazimo.

Mama aliipokea saa yake bila maneno mengi. Alingoja redio itangaze taarifa ya saa moja, akalinganisha, akaivaa. Kisha akafungua droo ya kabati, akanipa saa mbili za marehemu baba, moja haina mkanda, nyingine imeingia maji.

“Mpelekee yule kijana,” akasema. “Za kopo.”