Goti linalochomoka na bima inayoishia mpakani

Anayevuka Busia, Namanga au Rusumo na mzigo begani anakula kwa magoti yake. Pia ya goti ikichomoka mara ya kwanza na kukimbilia upande wa nje, kwa kawaida hurudishwa, hufungwa, na mgonjwa hufanya mazoezi ya kuimarisha misuli ya paja. Kisu hakihitajiki, ila kama kipande cha mfupa au gegedu kimemeguka. Shida ni ile inayochomoka tena na tena, kwa kugeuka tu.

Hapo mtu huambiwa akatafute fedha za “operesheni ya goti”, kana kwamba iko moja. Kano ya ndani inayoishikilia pia ikiwa imekatika, daktari huijenga upya, mara nyingi kwa kano ya nyuma ya paja la mgonjwa mwenyewe. Kama pia inavutwa kando kwa sababu kano yake imeshika nje mno kwenye muundi, sehemu hiyo ya mfupa hukatwa, husogezwa na kukazwa kwa skrubu. Mfereji wa mfupa wa paja ukiwa bapa, huweza kuchongwa upya, kazi nzito ya wataalamu wachache. Kulegeza nyuzi za upande wa nje peke yake, jambo lililofanywa sana zamani, hakutibu goti la namna hii. Ukipendekezewa hilo tu, uliza tena. Uliza vilevile ni kipimo gani kimeonyesha chanzo, maana eksirei pekee mara nyingi haitoshi.

Halafu kuna wiki za magongo, na miezi kabla ya kubeba gunia. Genge la mtu mmoja halihimili hilo.

Soko la Pamoja lilianza Julai 2010. Nyanya zinavuka, bima ya mama anayeziuza kwa kawaida hubaki alikojiandikisha. Goti likimchomoka ng’ambo, analipa taslimu. Kwa maoni yangu hili halina udhuru: chini ya Himaya Moja ya Forodha, maofisa wa nchi zetu hupeana taarifa za shehena tangu 2014. Wapeane na za kadi za bima, hospitali za mpakani zitibu, serikali zidaiane zenyewe. Waanze na fiziotherapia, isiyohitaji mashine ya mabilioni, na ambayo mgonjwa akiikatiza hata operesheni nzuri huweza kupotea bure.