Mapito ya ng'ombe yaandikwe kwenye ramani

Kwa Mkurugenzi Mtendaji,
Halmashauri ya Wilaya ya Sumbawanga

Ndugu Mkurugenzi,

Hapa Mpui hatulimi bila ng'ombe. Msimu wa kilimo maksai hufungwa nira alfajiri, wakavuta plau mpaka jua linapokuwa kali. Wakifunguliwa, mtoto huwaswaga kando ya barabara ya Tunduma wakang'oe majani kati ya lami na mahindi machanga ya watu. Ng'ombe mmoja akiingia shambani, jioni ile ile kesi iko kwa mtendaji. Naomba mipango ya matumizi bora ya ardhi ya vijiji vyetu ioneshe mapito ya mifugo na njia za kwenda majini, isiishie kutaja eneo la malisho tu.

Wafugaji wa nchi hizi wameshaumizwa na ramani. Miaka ya 1890 sotoka iliangamiza ng'ombe Afrika Mashariki, na Wajerumani walipoanza kutoza kodi ya nyumba mwaka 1898 wengi walikuwa wameshafilisika. Nyika zilizokosa mifugo zikaota vichaka, mbung'o wakaingia, mtawala akaziona hazina mwenyewe. Mwaka 1923 Waingereza wakaiweka ardhi ya Tanganyika chini ya mamlaka ya Gavana. Kenya, mikataba ya 1904 na 1911 ilikuwa imeshawahamisha Wamasai kupisha walowezi. Kwetu wakatolewa Serengeti mwaka 1959.

Linaloniuma zaidi ni hili: mfugaji hakuwa mzururaji. Masika alikuwa huku, kiangazi kule kwenye maji, nyuma yake nyasi zikipumzika. Mpaka ulipokatiza katikati, malisho yake ya nusu mwaka yalibaki upande wa pili, naye akawa mvamizi kwenye njia ya babu yake. Kisha akalaumiwa kwamba ng'ombe wake wamezidi. Lawama hiyo bado tunaisikia leo, hasa wanapotajwa Wasukuma wa Bonde la Rukwa.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaruhusu vijiji jirani kukubaliana kutumia ardhi kwa pamoja. Basi kabla bikoni hazijasimikwa, wataalamu wako watembee na wachungaji mwezi Septemba, malisho yakiwa yamekwisha; wakija Machi watakuta kila kona ni kijani. Waandike ng'ombe wanavukia wapi na wanakunywa wapi, na upana wa njia ukubaliwe na wenye mashamba ya pande zote mbili, mbele ya mkutano wa kijiji.

Mkulima na mfugaji,
Mpui