Kliniki za Ukimwi zikiunganishwa, timu za wahudumu zisitawanywe

Hatua ya Marekani ya kusitisha misaada ya kigeni mnamo Januari 2025 ilizitikisa kliniki maalumu za Ukimwi nchini, na ikaharakisha mpango wa Wizara ya Afya wa kuziunganisha na idara za kawaida za wagonjwa. Kwa mkazi wa Mkongani, Kaunti ya Kwale, suala kuu si mlango atakaoingilia hospitalini, bali ni nani atakaowakuta ndani.

Mpango wenyewe una manufaa. Mgonjwa hatatambulika kwa foleni anayopanga, na ataweza kupimwa shinikizo la damu na kisukari siku hiyo hiyo. Hata hivyo, kliniki hizo zilijenga jambo ambalo idara nyingi hazina: tabibu, muuguzi, mfamasia, mtaalamu wa maabara, mshauri nasaha na mtaalamu wa lishe kushughulikia faili moja.

Hiyo haikuwa anasa. Kinga ya mwili inapodhoofika, maradhi hayaji moja moja. Mathalani, anayeishi na virusi vya Ukimwi akipata kifua kikuu hupewa rifampisini, dawa inayopunguza nguvu ya dolutegraviri. Kwa hivyo, tembe ya miligramu 50 aliyokuwa akimeza mara moja kwa siku hana budi kuimeza mara mbili. Iwapo anayetibu kifua hazungumzi na anayetoa dawa za Ukimwi, virusi hupata mwanya.

Isitoshe, yapo maradhi ambayo kinga huugeukia mwili wenyewe. Lupasi, ambayo huwashika zaidi wanawake, hushambulia ngozi, viungo na figo, na dalili zake hudhaniwa kwa urahisi kuwa za malaria au kifua kikuu. Dawa zake hupunguza kinga, hivyo mgonjwa huhitaji kuchunguzwa kifua kikuu na kupimwa mkojo na damu mara kwa mara. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Kwale haihitaji kusubiri bingwa wa kila ugonjwa. Afya iligatuliwa mwaka 2013, na kaunti ndiyo inayopanga wahudumu wake. Inaweza kutenga siku maalumu ya timu kukutana katika hospitali ya rufaa ya Msambweni, kuhakikisha kila mgonjwa ana faili moja, na kuwaunganisha matabibu wa vituo vya mashinani na mabingwa walioko Mombasa kwa simu. Aidha, wahudumu wa afya ya jamii wamfuatilie mgonjwa nyumbani, ili asikose dawa kwa kukosa nauli.

Yote haya yanahitaji bajeti ya kaunti yenyewe, kwani mwaka 2025 ulidhihirisha hatari ya kutegemea hazina ya wengine. Vyumba vinaweza kuunganishwa kwa waraka mmoja. Timu iliyojengwa kwa takriban miaka ishirini ikitawanyika, hakuna waraka utakaoirejesha.