Kufunga Akaunti Si Kumkinga Mtoto na Uongo

Tangu tarehe 10 Desemba 2025, mtoto wa Australia ambaye hajatimiza miaka 16 haruhusiwi kuwa na akaunti kwenye Facebook, Instagram, TikTok, Snapchat, X, YouTube na mitandao mingine kadhaa. Mzigo wa kumzuia wamebebeshwa wenye mitandao, si mtoto wala mzazi wake, na kampuni inayozembea inaweza kutozwa faini ya hadi dola milioni 49.5 za Australia. Katikati ya Januari 2026 serikali ilitangaza kwamba akaunti zipatazo milioni 4.7 zimekwisha kuondolewa au kuzuiwa. Denmark na Malaysia nazo zimetangaza nia ya kuweka umri wa chini, na kwingineko sheria hii inatajwa kana kwamba ni dawa ya kila baya linalompata mtoto mtandaoni, taarifa potofu zikiwamo. Kwa taarifa potofu, haitibu kitu. Imefunga akaunti, uongo ikauacha pale pale ulipokuwa.

Ukisomwa utaratibu wenyewe, jambo hili halina utata. Kilichokatazwa ni kumiliki akaunti, kutazama hakukukatazwa. Video ya YouTube inayodai kwamba chanjo inaua watoto au kwamba dunia ni bapa inafunguka kwa yeyote mwenye kivinjari, bila jina wala nywila. Huduma za kutumiana ujumbe kama WhatsApp zimeachwa nje ya sheria, ingawa ndimo ujumbe wa sauti usio na mwenyewe unamozunguka kutoka kundi la familia hadi kundi la shule. Tena akaunti ya mtoto ndiyo iliyokuwa na vidhibiti ambavyo mzazi aliweza kuvipanga: aina ya video zinazoonekana, muda wa kutazama, kumbukumbu ya kilichotazamwa. Akaunti ikifutwa, vidhibiti hivyo hufutika nayo, na mtoto anayeendelea kutazama bila kuingia anatazama kama mtu asiyejulikana umri.

Historia ya sheria hii inaeleza mengi. Muswada uliwasilishwa bungeni tarehe 21 Novemba 2024. Wananchi walipewa siku moja tu ya kutoa maoni, na hata hivyo yakafika yapatayo 15,000. Tarehe 24, waziri wa mawasiliano wa wakati huo, Michelle Rowland, alitangaza kwamba serikali inauacha muswada mwingine kabisa, ule wa kupambana na taarifa potofu, kwa kuwa haukuwa na kura za kutosha katika Seneti. Siku nne baadaye, tarehe 28, Seneti ikaupitisha ule wa umri kwa kura 34 dhidi ya 19. Muswada ulioachwa ulikuwa na kasoro zake, na waliouhofia kwa ajili ya uhuru wa kusema walikuwa na hoja. Lakini ndio peke yake kati ya ile miwili uliojaribu kuzigusa taarifa potofu zenyewe na mifumo inayozisambaza. Ndani ya wiki moja serikali ilishindwa na lililo gumu, ikapitisha lililo jepesi, na tangu hapo hilo jepesi linasifiwa kana kwamba limefanya kazi ya yote mawili.

Wanaoiunga mkono wana hoja zao. Wanasema mtoto atalala vizuri zaidi, atapungukiwa na uonevu wa wenzake, atakuwa mbali na watu wazima wenye nia mbaya, na mzazi atapata pa kuegemea anapokataa. Kura ya maoni ya YouGov iliyochapishwa Novemba 2024 ilionyesha kwamba asilimia 77 ya Waaustralia waliliafiki katazo. Wanaongeza kwamba saa chache mtandaoni maana yake ni uongo mchache. Katika mambo ya usingizi na uonevu huenda sheria ikazaa matunda, na utafiti utaonyesha. Hiyo hoja ya mwisho ndiyo dhaifu, na ndiyo inayohusu suala hili.

Udhaifu wake uko hapa: kinachomponza mtoto mbele ya uongo ni kutokujua namna ya kupima dai, na ujuzi huo hauji wenyewe siku ya kuzaliwa. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford nchini Marekani walichapisha matokeo ya jaribio lililowahusisha wanafunzi 3,446 wa sekondari ya juu, wengi wao wakiwa na umri ambao sheria ya Australia ingewafungulia mlango. Walionyeshwa video yenye picha hafifu iliyowekwa Facebook, ikidai kuonyesha wizi wa kura katika uchaguzi wa mchujo wa chama cha Democratic. Walikuwa na intaneti mezani na ruhusa ya kutafuta chochote. Zaidi ya nusu walisema video hiyo ni ushahidi thabiti wa wizi wa kura Marekani. Picha zenyewe zilikuwa zimepigwa Urusi, na utafutaji mfupi ungetosha kulibaini hilo. Katika majibu zaidi ya 3,000, wanafunzi watatu tu ndio waliofika kwenye chanzo chake.

Vijana hao hawakukosa vifaa, akili wala uzoefu wa mtandao. Walikuwa wamelelewa nao. Walichokosa ni mazoea ya kusimama na kuuliza nani kaiweka hii, na wengine wanasemaje kuihusu. Mtoto aliyezuiwa hadi miaka 16 ataingia akiwa na upungufu ule ule, isipokuwa ataingia siku moja, kwa mkupuo, bila mtu wa kumshika mkono kwa kuwa sheria tayari imemhesabu mkubwa. Mwenye miaka 13 angalau bado yuko darasani na nyumbani, mahali ambapo mtu mzima anaweza kukaa naye mbele ya video na kumwonyesha hila iliyomo. Miaka mitatu hiyo ndiyo iliyotakiwa kutumika kufundisha. Australia imeitumia kungoja.

Na kufundisha kunawezekana. Hilo halihitaji kuaminiwa kwa imani, kwa sababu limepimwa, na limepimwa Afrika Mashariki. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Makerere wakiongozwa na Allen Nsangi na Daniel Semakula, wakishirikiana na wenzao wa Norway, walichukua shule za msingi 120 za Uganda ya kati na kuzigawa kwa bahati nasibu katika makundi mawili. Shule za kundi la kwanza zilipewa kitabu chenye hadithi ya michoro na mwongozo wa mwalimu. Za kundi la pili ziliendelea na masomo yao kama kawaida. Waliofundishwa walikuwa watoto wa darasa la tano, wengi wao wenye umri kati ya miaka 10 na 12. Masomo yalikuwa tisa, kila moja la dakika 80, ndani ya muhula mmoja.

Yaliyofundishwa yalianzia jikoni na uani, kwenye madai ambayo watoto wanayasikia kila siku, kwa mfano kwamba kinyesi cha ng'ombe kinaponya jeraha la moto. Mtoto hakuambiwa tu kwamba dai hilo ni la uongo. Aliongozwa aulize msingi wake ni upi. Mtu mmoja kutumia dawa akapona hakutoshi, maana huenda angepona bila dawa. Jambo kufanywa tangu enzi za mababu, au kufanywa na wengi, si ushahidi. Anayeuza dawa ana sababu ya kuisifu. Dawa hujulikana kama inafaa kwa kulinganisha watu wanaofanana, waliotumia na wasiotumia, tena wawe wengi. Na kila tiba ina faida na madhara, hivyo anayetaja faida peke yake hajamaliza maelezo.

Mwisho wa muhula ulifanyika mtihani kwa watoto zaidi ya 10,000. Katika shule zilizofundishwa, asilimia 69 walifaulu. Katika shule nyingine, asilimia 27. Matokeo yalichapishwa na jarida la The Lancet mwaka 2017. Watafiti walirudi baada ya mwaka mmoja, wakati ambapo mafunzo mengi ya shule huwa yamekwisha kusahaulika, wakakuta waliofaulu kati ya waliofundishwa wamefikia kama asilimia 80, na katika kundi la pili kama nusu. Yote haya katika madarasa yaliyojaa, na walimu wa kawaida waliopewa maandalizi mafupi tu.

Itasemwa kwamba jaribio hilo lilihusu madai ya afya wala halikufanyika mtandaoni. Ni kweli. Lakini video inayosema limau na kitunguu saumu vimeponya kisukari cha jirani imejengwa kwa tofali lile lile la kinyesi cha ng'ombe: mtu mmoja, kisa kimoja, hakuna ulinganisho, na mara nyingi chini yake kuna namba ya simu ya kuagiza chupa. Mtoto aliyezoea kuliuliza dai la kwanza ana pa kuanzia anapokutana na la pili. Madai ya siasa yanahitaji stadi za ziada, hasa ile ya kuacha ukurasa na kwenda kutazama wengine wanasema nini juu ya aliyeuandika. Nayo hufundishika vilevile. Finland imeweka stadi za kusoma na kupima vyombo vya habari vya kila aina katika mtaala wa taifa, kuanzia elimu ya awali, wala haikungoja mtoto afike miaka 16.

Kwa hiyo wanaotaka Afrika Mashariki iige Australia wanapaswa kujibu swali moja: kwa nini kuagiza ng'ambo kitu ambacho hakijathibitishwa, na kupuuza kilichothibitishwa hapa nyumbani? Wazo la kufunga halikosi watetezi katika eneo hili. Agosti 2023 bunge la Kenya lilipokea ombi la kutaka TikTok ipigwe marufuku kabisa. Na katika nyumba nyingi za hapa sheria ya akaunti isingekuwa na cha kushika, kwa sababu simu ni moja, ni ya mama au ya kaka, na akaunti iliyomo ni ya mtu mzima. Mtoto anaipata jioni, anatazama kilichochaguliwa kwa ajili ya mwenye simu, na hakuna mtambo wa kukadiria umri utakaoliona hilo. Kumwambia mzazi huyo kwamba mwanawe amelindwa ni kumdanganya, na ni aibu kumdanganya kwa jina la kupambana na udanganyifu.

Kampuni zenyewe haziwezi kuachwa zipumue. Januari 2025 Meta ilitangaza kusitisha mpango wake wa kuwatumia wahakiki huru wa taarifa nchini Marekani. Sheria inayoishia kwenye umri inazipa nafasi ya kusema zimetimiza wajibu zinapofukuza watoto, huku mitambo inayopandisha uongo kwa sababu unatazamwa sana ikibaki bila kuguswa. Wajibu unaofaa kudaiwa ni juu ya mitambo hiyo: zionyeshe inapendekeza nini kwa watazamaji wachanga, walioingia kwa akaunti na wasioingia, na zitozwe faini kwa hilo.

Upande wa shule hauna kisingizio cha kukosa nyenzo. Baada ya Uganda, masomo kama hayo yaliandaliwa kwa wanafunzi wa sekondari na kujaribiwa mwaka 2022 katika shule za Kisumu nchini Kenya, Uganda na Rwanda. Yako kumi, na katika nchi zote tatu waliofundishwa waliwashinda wenzao. Kwa kuwa kuchapa vitabu kulikuwa na gharama kubwa, safari hii yalitengenezwa ili mwalimu ayapate kwenye intaneti bila malipo na kuyafundisha hata kwa ubao na chaki. Mtaala wa Kenya tayari unautaja ujuzi wa kidijitali miongoni mwa umahiri wa msingi. Kinachosubiriwa ni wizara kuyaingiza masomo hayo kumi kwenye ratiba, kuwaandaa walimu, na kuyatungia maswali ya mtihani ili yasiwe ya kwanza kuachwa muhula unapobana.