Wamelikata Baraza

Wiki iliyopita niliwakuta mafundi wawili, na grenda na ndoo ya maji, wakilikata baraza la nyumba moja huku Mji Mkongwe, Unguja. Baraza lililokaliwa na babu, baba, mwana na mjukuu, likasuguliwa na kanzu zao mpaka likateleza kama sahani, lilimalizwa kabla ya adhuhuri. Nikauliza sababu. Gari la mwenye nyumba halikati kona.

Halikati kona! Nyumba ina zaidi ya miaka mia, gari limeshushwa bandarini juzi, na kati ya hao wawili aliyeambiwa asogee ni mzee.

Nitasema neno ambalo watembeza wageni hawatalipenda: Mji Mkongwe si milango yake. Mlango wa nakshi una walinzi wa kumwaga. Mpiga picha anaulinda, muuza kadi anaulinda, hata anayetaka kuung'oa akauuze anaulinda mpaka siku ya kuuuza. Baraza halina mtetezi, kwa sababu halipendezi kwenye kalenda na halibebeki. Lakini ng'oa mlango, mtaa utabaki mtaa. Kata mabaraza, utabaki na ushoroba wa kupitishia pikipiki.

Hebu tulitazame baraza kwa kazi yake. Mgeni ambaye si wa kuingizwa ndani anakaribishwa hapo, akanywa kahawa yake, heshima ya nyumba ikabaki na heshima ya mgeni ikabaki. Masika yakipiga na kichochoro kikageuka mto, watu wanapita juu ya mabaraza, moja hadi jingine, viatu vikavu. Mzee asiye na nguvu ya kwenda kwa watu, watu humjia. Na ulinzi? Mtoto wa Kiponda hawezi kutoroka chuo bila kuonwa na mabaraza matatu, na habari itamtangulia nyumbani. Leo tunanunua kamera.

Mji ule wote ulipimwa hivyo, kwa kiwiliwili cha mtu na kwa mti wa mkoko. Boriti ya mkoko inabeba kiasi cha mita tatu, basi vyumba vikawa vyembamba na virefu, vikapangwa kuzunguka uwazi wa kati unaovuta hewa. Nyumba zikasogeleana ili moja iikinge nyingine jua. Tembea saa saba mchana kutoka Darajani kuingia ndani kuelekea Sokomuhogo, utaihisi baridi kabla hujamaliza nyumba ya tatu. Hakuna feni pale. Ni ukuta mnene, njia nyembamba na upepo wa bahari uliopindishwa kona baada ya kona. Halafu anakuja mtaalamu kutuambia njia zimebana na tufikirie kuzipanua.

Na sasa saruji, maana grenda ina dada yake. Ukuta wa Mji Mkongwe ni mawe ya matumbawe, udongo na chokaa. Ni ukuta unaopumua: mvua ikinyesha unakunywa, jua likitoka unatema. Fundi wa siku hizi anakuja na mfuko wa saruji, anapiga lipu ngumu nje na ndani, nyumba inang'aa kwa Idi mbili. Lakini maji yanayopanda kutoka ardhini hayana pa kutokea. Chumvi inakusanyika nyuma ya lipu, ukuta unakuwa unga kimyakimya, na vichwa vya boriti vilivyozikwa ukutani vinakaa kwenye unyevu mwaka mzima hadi vioze. Siku moja dari inashuka na kitanda juu yake, na jirani anasema, “Nyumba ya zamani hiyo, imechoka.” Haikuchoka. Imezibwa pumzi. Tulifundishwa kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta; sisi tumeuziba ufa kwa saruji na ukuta tunaujenga vilevile.

Msinijibu kwamba chokaa ni ghali na inachelewa. Najua. Matumbawe yachomwe, chokaa izimwe kwa maji, ilazwe miezi, ipigwe na mtu mwenye subira. Lakini fedha tunazo pale tunapotaka kuwa nazo, na kisingizio cha uhaba hakikuliokoa hata jumba kubwa kuliko yote. Beit al-Ajaib, alilolijenga Sayyid Barghash mwaka 1883, lilitoa onyo hadharani: kona ya varanda iliporomoka mwaka 2012. Tukaweka mabati kulizunguka. Tarehe 25 Desemba 2020, matengenezo yakiwa yanaendelea, sehemu kubwa ya mbele ikaanguka pamoja na mnara wa saa, na watu wawili wakapoteza maisha. Miaka minane kati ya onyo na msiba! Mamlaka ya Mji Mkongwe ilikuwepo tangu 1985, na UNESCO iliuingiza mji katika Urithi wa Dunia mwaka 2000. Vyeo na vyeti havikupungua. Kilichopungua ni aibu.

Nikiyasema haya naambiwa, “Unataka watu waishi kwenye makumbusho.” La. Makumbusho ndiyo yanayokuja tukiendelea hivi. Angalia usiku ni madirisha mangapi yana taa ya mwenyeji, na mangapi ni ya hoteli. Mpangaji wa nyumba ya Serikali hatengenezi kwa kuwa si yake. Serikali haitengenezi kwa kuwa kodi ni ndogo. Nyumba ya mirathi ina warithi ishirini na hakuna wa kununua bati. Wote hao watatoka, atakuja mwenye mtaji, ataacha mlango na kubomoa ndani. Lamu, ambayo tuliitazama kwa wivu kwa punda wake, nayo bodaboda zimeingia.

Wala nisieleweke kwamba nautetea mji wa matajiri wa zamani. Ng'ambo ya pili ya hori iliyoutenga Mji Mkongwe kabla haijafukiwa, kwenye nyumba za udongo na makuti, baraza lilikuwepo pia, na vichochoro vilikuwepo. Wakoloni ndio waliochora mstari na kusema huku ni mji, kule ni vibanda, na mpaka leo tunaulinda mstari wao. Baada ya Mapinduzi ya 1964 yakaja majumba ya Michenzani, ya mtindo wa Ujerumani Mashariki, marefu kama treni. Wachoraji hawakuchora mahali pa kukaa kuzungumza. Watu wakashuka ngazi wakajitengenezea wenyewe maskani chini ya majumba. Hakuna chuo cha mipango miji kilichowafundisha. Sasa nendeni Fumba na Fuoni mkaone tunavyopima viwanja: ukuta, geti, barabara ya gari, ukuta, geti. Mkate wa asubuhi unafuatwa kwa injini.

Ninachotaka hakihitaji mshauri wa kigeni. Anayekata baraza alijenge upya kwa mawe na chokaa, kwa gharama yake, na mtaa ushuhudie. Saruji kwenye ukuta wa matumbawe ipigwe marufuku, na chokaa iuzwe kwa bei ambayo mjane anaimudu. Magari yabaki Malindi na Darajani. Kutoka hapo hadi Shangani ni robo saa kwa mguu wa mzee, na bosi wetu mwenye gari si mzee.

Jana alasiri nilipita tena pale. Wazee wameleta viti vya plastiki, wamevipanga palepale lilipokuwa baraza, buli la kahawa likiwa chini. Gari likaja, likapiga honi. Wakanyanyuka, kila mmoja na kiti chake, wakabana ukutani mpaka lilipopita. Kisha wakavirudisha. Nilikaa nao saa moja. Tulinyanyuka mara nne.