Msituulize Kama Tunapenda Jua

Kakuma si neno la Kiswahili. Nianzie hapo, maana uongo huu una umri mkubwa kuliko wangu. Fungua kitabu cha picha, fungua ripoti, msikilize mgeni aliyeshuka kwenye ndege jana: atakuambia Kakuma ni Kiswahili na maana yake ni "mahali pasipo popote". Jamani. Mimi Kiswahili nimekikuta mdomoni mwa mama yangu kule Fizi. Nimekisoma hapa kambini mpaka mtihani wa kidato cha nne. Nimegombania maji kwa Kiswahili, na Mrundi, na Msomali, na Mturkana, na katika matusi yote niliyoyasikia kwenye foleni ya bomba, hakuna aliyewahi kutumia neno hilo kwa maana hiyo. Halipo. Nadhani mtu alichungulia dirishani akaona vumbi, miiba na mto mkavu, akaamua ndivyo panavyoitwa, na wenzake wakanakili.

Siku hizi umeingia uongo wa pili, na huu una sukari. Mwaka 2025 Kakuma ilipewa hadhi ya manispaa, na ghafla mahali pasipo popote pamekuwa mji. Mji wa jangwani! Mji wa fursa! Basi wanakuja vijana nadhifu wenye karatasi kubwa za kubandika ukutani, wanakusanya "maoni ya wakaaji kuhusu mji wao". Wanachora mstari katikati ya karatasi. Upande huu mnachopenda, upande ule msichopenda. Nimekaa kwenye vikao hivyo vingi, vingine nimetafsiri mimi mwenyewe kwa soda moja na nauli ya boda, na kila mara hitimisho ni lile lile: maoni ya wakaaji yanatofautiana.

Yanatofautiana, sikatai. Jirani yangu mzee Mrundi anasema kwao ukichomeka kijiti ardhini kinachipua, hapa hata kivuli hakioti. Nyumba yake ni udongo na mabati kama yangu. Ikifika saa saba mchana ndani hakukaliki, kwa hiyo anauzunguka mwarobaini na kiti chake, anafuata kivuli, na ukimwona kiti kiko upande wa mashariki unajua jua linakaribia kutua. Huyo saa ya mkononi haitaki. Alipanda mchicha akawa anaunyweshea maji ya kuogea, mbuzi wakaumaliza siku moja. Yeye ukimwambia "mji" anacheka mpaka anakohoa.

Sasa nenda Kakuma 1, kwa mama mmoja Msomali anayeuza sukari na vitambaa. Ukianza kulalamika joto mbele yake utajuta. "Jua halijamla mtu, mwanangu. Njaa ndiyo inakula." Kasomesha watoto kwa meza ile. Na hesabu ziko upande wake: mwaka 2018 IFC, watu wa kundi la Benki ya Dunia, walichapisha utafiti wao wa soko la Kakuma, wakakuta matumizi ya kaya za hapa yanafika shilingi bilioni 5.8 kwa mwaka, na biashara zaidi ya 2,000. Mahali pasipo popote hapauzi hivyo.

Halafu kuna vijana ninaofanya nao kazi. Wengine wamezaliwa hapa hapa, wazazi wao walitoka Sudan Kusini kabla hata haijaitwa Sudan Kusini. Hao ukiwauliza kama wanapenda jua wanakushangaa, kama umewauliza kama wanapenda kuwa na magoti. Wanajua mpira wa saa kumi na moja kwenye laga, upepo ukianza kupoa, Wakongomani dhidi ya Wanuer, na mshindi ananunuliwa chai kwa Muhabeshi. Nami nitasema bila aibu: saa hiyo Kakuma ni pazuri. Wenzangu fulani Wakongomani wakinisikia nasema hivyo wananiambia nimezoea jela. Na wale waliozoea wanamwambia yule mzee hana shukrani. Tunatukanana wenyewe kwa wenyewe kwa ajili ya jua, ambalo halijaomba utetezi wala mashtaka.

Hapo ndipo ugomvi wangu unapoanzia. Tunajibu swali la kijinga. Swali si jua.

Angalieni Phoenix, kule Arizona. Familia nyingi za Kikongomani zilizopita kambi kama hizi zimepelekwa huko, na baadhi yenu mnaosoma hapa mna shangazi au binamu anayewapigia video akiwa ndani ya gari. Phoenix ni jangwa. Mwaka 2023, kuanzia mwisho wa Juni hadi mwisho wa Julai, joto lilifika nyuzi 43 au kupita kwa siku 31 mfululizo. Sisi hapa tukifika 40 tunasema dunia inaisha. Lakini yupo aliyewahi kuandika kwamba Phoenix ni mahali pasipo popote? Ule ni mji mkubwa wenye zaidi ya watu milioni moja na nusu, na sehemu ya maji yake inaletwa kwa mfereji wa zaidi ya kilomita 500 kutoka mto Colorado. Binamu yako hapendi joto la kule, anahamia Kentucky. Anafunga mizigo, anaaga, anaondoka. Haombi mtu.

Na msidhani nasema kule ni peponi. Mwaka huo huo wa 2023 wilaya ya Maricopa, ambayo Phoenix imo, ilihesabu vifo 645 vilivyohusiana na joto, na karibu nusu ya waliokufa ni watu wasio na nyumba. Jua moja, mji mmoja. Mwenye nyumba, gari na karatasi analiona dirishani. Asiye navyo linamuua kando ya barabara. Kwa hiyo msiniambie habari ya jua peke yake.

Wenyeji wetu Waturkana wanalijua jambo hili kuliko profesa yeyote. Rafiki yangu mmoja wa huko mjini, tumecheza naye mpira tangu tukiwa watoto, huwa anakasirika tukiita hapa jangwa. "Kwani mlipokuja 1992 mlikuta hakuna watu?" Walikuwepo, tena na ngamia, mbuzi na ng'ombe wao. Waliwezaje? Kwa kuhama. Mvua ikinyesha kule, wanakwenda kule. Malisho yakiisha, wanaondoka. Hakuna mtu duniani aliyeishi jangwani kwa kukaa mahali pamoja mikono magotini akisubiri. Jangwa linakaliwa kwa miguu. Au kama Phoenix, linakaliwa kwa barabara na mifereji, vitu vinaingia na watu wanatoka.

Sisi tumewekwa karibu watu laki tatu, ukihesabu na Kalobeyei, kwenye nchi ya kuhamahama, kisha tukaambiwa: msihame. Kuni usikate, miti ni ya wenyeji, na kwa hilo nawaelewa wenyeji kabisa. Ng'ombe usichunge, malisho si yako. Kwenda Lodwar, kilomita kama 120 hivi kwa lami nzuri, omba pasi. Kwenda Nairobi, omba pasi, eleza sababu, subiri. Kabichi inatoka Kitale inapanda lori, inapita vizuizi vyote vya polisi, inafika soko la Wakongomani haijaulizwa kitambulisho. Kabichi ina uhuru kunishinda mimi!

Mtu wa shirika anayesoma hapa atasema, lakini sheria imebadilika. Ndiyo, najua, tumefundishwa kwenye semina. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2021 imeanza kutumika 2022. Inazungumza habari ya kazi na ya kuishi pamoja na wenyeji. Machi 2025 Rais akazindua Mpango wa Shirika, na neno lenyewe Shirika ni zuri, maana yake kushirikiana. Lakini sheria hiyo hiyo bado inaacha serikali itupangie maeneo ya kukaa. Yaani mlango umepakwa rangi mpya, komeo ni lile lile.

Nitasema jambo la msichana mmoja wa kikundi chetu, ili msidhani natunga maneno makubwa. Alikuwa ndiye mtetezi mkuu wa Kakuma. Kwenye kile kikao cha karatasi ya mstari katikati, upande wa "tunachopenda" nusu aliijaza yeye: amani, shule, marafiki wa kila kabila, nyota za usiku. Dada wa shirika alifurahi mpaka akampiga picha. Baada ya miezi michache akapata nafasi chuo kimoja Eldoret, uuguzi, na mfadhili wa karo kabisa. Barua ilisema aripoti Jumatatu fulani. Akapeleka maombi ya pasi ofisini wiki tano kabla. Akaambiwa arudi wiki ijayo. Akarudi. Mwenye kusaini yuko mkutanoni. Akarudi. Mtandao umekatika. Akarudi, akaambiwa barua ya chuo iwe na muhuri wa rangi, si nakala. Mimi nilimsindikiza mara tatu, tunatoka alfajiri kabla ya joto, tunakalia benchi lile la chuma ambalo kufikia saa nne linakuunguza mapaja. Pasi ilitoka siku 11 baada ya Jumatatu ile. Chuo kilishampa nafasi mtu mwingine.

Sasa muulizeni huyo anaionaje Kakuma. Siku hizi anasema ni tanuri. Anasema vumbi linamwua kifua, anasema hata nyota zinamchosha. Hali ya hewa haijabadilika hata kidogo! Ni lile jua la siku ile alipopigwa picha.

Na yule mama wa Kakuma 1 anayesema jua halijamla mtu? Ana jamaa Nairobi wanaomletea mzigo, na akihitaji kusafiri yeye mwenyewe anajua kwa kupita. Mzee wangu wa kivuli hajavuka Lodwar tangu afike. Chukueni wakaaji wote mnaowahoji, wapangeni kwa namna hiyo, yupi anaweza kutoka na kurudi na yupi hawezi, na haya maoni yanayotofautiana yatajipanga yenyewe mbele ya macho yenu.

Nisisahau pia suala la manispaa, kwa sababu linanichekesha. Mwenye duka mkimbizi analipa leseni ya biashara kwa kaunti. Analipa, ana risiti ukutani imegeuka njano kwa moshi wa jiko. Kura hapigi. Ardhi iliyo chini ya duka si yake wala haitakuwa ya mwanawe. Mwaka huo huo tuliopewa manispaa, chakula kilipunguzwa mpaka watu wakaandamana, kisha tukagawanywa makundi manne, na wa kundi la nne wakaambiwa nyinyi mnajiweza, hamna mgao. Mnajiweza! Kwa kufanya nini, na wapi? Ati ustahimilivu. Neno hilo nikilisikia tena kutoka kwa mtu anayelala chumba chenye kiyoyozi na anayepewa likizo ya kwenda kupumzika kila baada ya wiki chache, nitaomba naye apange foleni ya pasi. Simchukii. Likizo ile anastahili, mahali hapa panachosha. Lakini aone basi kwamba hata yeye anaishi jangwani kwa kanuni ya Waturkana: anahama, anapumua, anarudi. Akinyimwa kutoka kwa mwaka mmoja tu, karatasi yake ataijaza upande gani?

Na nyinyi ndugu zangu wakimbizi, acheni kutukanana. Anayependa hapa si mtumwa. Anayepachukia si mkorofi. Majirani zetu Wasomali wana neno buufis, ile hamu ya kwenda ng'ambo inayomkamata mtu mpaka hali wala halali. Tunawacheka wenye buufis kama wagonjwa. Mimi naona ni watu waliofungiwa mlango wa karibu, wakabaki kuota ule wa mbali. Kama Lodwar ingekuwa huru, na Kitale, na Eldoret, wangapi wangebaki kuota Kanada usiku na mchana? Wengine wangeota, sawa. Wengi wangefungua genge Kitale, wangerudi Krismasi na kabichi, wakalalamika joto kama watu wa kawaida.

Kwa hiyo wenye karatasi, mkija tena mwezi ujao, karibuni, chai ipo. Ila ule mstari wa katikati mfute. Andikeni swali moja: mara ya mwisho ulipoomba kutoka Kakuma ulisubiri siku ngapi, na ulikuwa unakwenda kufanya nini? Andikeni jibu la kila mtu kama alivyolisema, na tarehe zake. Kisha ripoti hiyo msiirudishe kwetu kwa semina, sisi majibu tunayajua. Ipelekeni kwenye ile ofisi yenye benchi la chuma, mkae hapo mpaka asiyekuwepo arudi kutoka mkutanoni. Nendeni alfajiri. Saa nne linaanza kuunguza.