Chakula cha shule kikate urithi wa umaskini Tunduma



Umaskini hurithiwa hata katika mji wa biashara kama Tunduma. Malori hupita mpakani kwenda Zambia na Kongo, huku baadhi ya watoto wa wabeba mizigo na wachuuzi wakiacha masomo ili kusaidia kutafuta riziki. Mwaka 2016 ada ilifutwa katika shule za serikali hadi kidato cha nne, lakini sare, madaftari na chakula vimebaki kwa mzazi. Mtoto aliyedumaa kwa lishe duni, jambo la uchungu katika mkoa unaovuna mahindi mengi, hujifunza kwa shida, huishia kwenye vibarua, na wanawe huanzia palepale. Halmashauri na wazazi wahakikishe kila shule inapika chakula cha mchana.